Nipo kwa Fundi: Kwa Nini Kibarua wa Dodoma Hajui wa Kumdai

Muulize saidia fundi yeyote anayeshuka daladala Mtumba, ulipo Mji wa Serikali hapa Dodoma, saa moja kasoro asubuhi anafanya kazi kwa nani. Hatakutajia kampuni iliyoshinda zabuni, wala wizara ambayo jengo ni lake. Atakujibu: "Nipo kwa fundi." Fundi naye ukimuuliza atasema yupo kwa mnyapara. Mnyapara kaletwa na mkandarasi msaidizi, mkandarasi msaidizi anamsubiri mkandarasi mkuu, na mkandarasi mkuu anamsubiri mwenye mradi. Jumamosi jioni fedha isipoonekana, kila mmoja ana wa kumsukumia lawama juu yake. Aliyebeba zege anamjua mmoja tu, na huyo mmoja kazima simu.

Kelele za wafanyakazi wa mji huu ni nyingi: mshahara umechelewa, mshahara hautoshi, nimekatwa, nimefukuzwa kwa simu, NSSF yangu haionekani, saa za ziada hazilipwi. Zote hutupwa kwenye kapu moja la uonevu, na ndiyo maana nyingi zinaishia kijiweni. Baadhi ni uvunjaji wa sheria ulio wazi kabisa. Nyingine ni mambo ambayo sheria imeyaruhusu, hata kama yanauma. Nyingine tena ni uchumi wenyewe, ambao bosi mdogo naye umemkaba. Kila moja ina mlango wake, na mtu akibisha usio wake hujibiwa kwamba hana kesi, akarudi nyumbani akiamini sheria ni ya matajiri. Kwa maoni yangu, fundo linalopaswa kufunguliwa kabla ya yote ni lile la kwanza: mwajiri ni nani?

Dodoma ina sababu zake za kuwa hivi. Uamuzi wa kuufanya mji huu makao makuu ulifanyika mwaka 1973, lakini kwa miaka zaidi ya 40 mambo yalikwenda taratibu, mpaka mwaka 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia kweli. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 410,956 katika iliyokuwa manispaa; ya mwaka 2022 ikakuta 765,179 katika jiji. Tangu tangazo hilo zimejengwa ofisi za Mji wa Serikali na nyumba za kupangisha Ilazo, Nkuhungu na Mkonze, reli ya kisasa imefika, barabara ya mzunguko na uwanja wa ndege wa Msalato kazi zikaanza. Ujenzi wa namna hiyo unataka mikono mingi, kwa muda mfupi, halafu hauitaki tena.

Na mikono ipo. Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua. Mtama, uwele na alizeti vikishavunwa, kijana wa Bahi, Chemba au Manyoni hana cha kufanya shambani mpaka mawingu yarudi mwishoni mwa mwaka. Anakuja mjini. Anayegawa kazi anajua kwamba kiangazi, ukimkataa mmoja, nyuma yake wapo watano wanaosubiri getini. Kwa hiyo bei ya kibarua haipangwi na ugumu wa kazi peke yake, inapangwa pia na urefu wa foleni. Hilo hakuna sheria inayolifuta. Ila kuna tofauti kubwa kati ya foleni kushusha bei na foleni kumfanya mtu asilipwe kabisa, na hapo ndipo mlolongo wa mabosi unapofanya kazi yake.

Mkandarasi akiajiri watu 80 kwa majina yao, anabeba mengi. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hapaswi kukatwa zaidi ya nusu yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unataka asilimia 0.5 ya mishahara yote, nayo inatoka mfukoni mwa mwajiri, siyo kwa mfanyakazi. Mwenye waajiriwa 10 na kuendelea analipa pia tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5. Bado likizo ya siku 28, bado notisi, bado kiinua mgongo. Lakini akimwita fundi akapatana naye kwa mkupuo, "plasta ya ghorofa hii nzima kiasi fulani", yote hayo yanafutika kwenye vitabu vyake na kubaki mstari mmoja: malipo kwa fundi. Fundi hana ofisi wala akaunti ya kampuni. Ana simu, ana mwiko, ana vijana wake sita.

Fedha inashuka kama ndoo ya maji inayopokezwa kutoka mkono hadi mkono, na kila mkono unamwaga kidogo. Hasara nayo inashuka kwa njia hiyo hiyo, ila yenyewe haimwagiki. Mvua ikinyesha wiki nzima, saruji ikichelewa, mwenye mradi asipolipa, mwisho wa yote anayelala bila kula ni yule ambaye hakuwa na sauti katika lolote kati ya hayo.

Tumtendee haki mkandarasi kidogo. Madeni ya wakandarasi wa ndani yamesemwa bungeni hapa hapa Dodoma mara nyingi, na mkandarasi mdogo aliyekopa benki ili anunue nondo huku hati yake ya malipo ikikaa mezani kwa mtu anaumia kwelikweli. Namwelewa. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuweka kifungu kinachosema mshahara utalipwa mteja akilipa. Inasema ulipwe siku iliyokubaliwa, katika saa za kazi, mahali pa kazi. Mahali pa kazi! Mtindo wa kuwaita vijana Jumapili nyumbani kwa fundi kufuata hela, wakakaa barazani mpaka jioni, sheria haiujui.

Sasa sheria inamtambuaje mwajiriwa asiye na mkataba wa maandishi? Watu wengi, wakiwemo wasomi, wanaamini kwamba bila karatasi hakuna ajira. Siyo kweli, na sijui imani hii ilianzia wapi, maana inawanufaisha watu wachache sana. Sheria ya Taasisi za Kazi, dada wa hiyo niliyoitaja, inasema mtu atadhaniwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata mkataba wake uwe wa sura gani, ikiwa limekuwepo hata jambo moja kati ya kadhaa. Namna anavyofanya kazi inaamriwa na mwingine. Saa zake za kazi zinapangwa na mwingine. Yeye ni sehemu ya taasisi hiyo. Riziki yake inamtegemea huyo anayemfanyia kazi. Anapewa vitendea kazi na huyo. Anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Au amemfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita.

Hilo la mwisho lisome tena. Saa 45 kwa mwezi ni kama wiki moja tu ya kazi. Kibarua anayeingia siku sita kwa wiki kwa miezi mitatu amelipita jambo hilo mbali sana, hata kama analipwa kwa siku na hata kama kila asubuhi anaambiwa "leo tutaona".

Na kuna kingine ambacho waajiri wengi hawapendi kitajwe. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi na kuyatunza. Mgogoro ukifika mbele ya vyombo na mwajiri akashindwa kuonyesha karatasi hizo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Wewe ukisema mlipatana 15,000 kwa siku, yeye akasema 10,000, na hana maandishi, kazi ya kuthibitisha ni yake. Kutoandika mkataba, ambako wengi hukuona ni ujanja wa mwajiri, kunaweza kumgeukia.

Bado swali halijaisha, kwa sababu kudhaniwa mwajiriwa ni jambo moja, na mwajiriwa wa nani ni jingine. Fundi anaweza kuwa mwajiri wako kweli, na yeye mwenyewe akawa mwajiriwa wa kampuni bila kujijua. Kinachotazamwa ni mambo yaliyotokea. Kofia ngumu na kizibao ulipewa na nani? Daftari la kuingia getini ni la nani? Nani alikuwa anasema leo tunaanza saa moja, leo tunakesha? Mafundi wana msemo wao, zege halilali, na siku ya kumwaga slabu hakuna anayeuliza saa. Aliyeamuru lisilale ndiye wa kutazamwa, na mara nyingi siyo fundi.

Mlolongo huu siyo mgeni katika nchi ya Wagogo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga pale Kongwa. Mwenye mradi alikuwa Wizara ya Chakula ya Uingereza, lakini aliyeusimamia mwanzoni kwa niaba yake alikuwa kampuni ya biashara, United Africa Company, mpaka mwaka 1948 lilipochukua shirika la umma lililoundwa kwa kazi hiyo, Overseas Food Corporation. Septemba mwaka huo wa 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda na reli ya kati hadi ukawagusa wafanyakazi wa Kongwa. Mradi wenyewe ulikufa mwaka 1951, karanga zikiwa hazijalipa hata gharama za matrekta. Hata wakati ule, mtu aliyeshika jembe kule asingeweza kukueleza kwa urahisi kama anamfanyia kazi mfalme au mfanyabiashara.

Tuachane na ujenzi, twende kwa mlinzi. Yeye analo bosi anayejulikana, ana sare yenye nembo, mara nyingi ana hata mkataba. Shida yake iko kwenye saa, na nataka tuihesabu polepole kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kuona kwamba ameibiwa.

Sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, siku 6, saa 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, ambazo lazima mfanyakazi akubali, na zisizidi 50 katika kila wiki 4. Kwa siku moja, ukijumlisha na za ziada, mwisho ni saa 12. Sasa mlinzi anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi, siku sita. Tumtoe saa moja ya mapumziko, ingawa wengi hawaipati. Zinabaki saa 11, mara 6 ni 66. Ondoa 45, zinabaki 21 kila wiki. Kwa wiki nne ni saa 84. Sheria imesema 50. Yaani ratiba yenyewe, kabla hatujafika kwenye malipo, imeshavunja sheria kwa saa 34.

Kwenye malipo sasa. Ili kupata thamani ya saa moja, mshahara wa mwezi unagawanywa kwa wiki 4.333, kisha kwa saa 45. Tuchukue mshahara wa 195,000, siyo kwa kuwa ndicho kima cha sheria bali kwa kuwa unagawanyika vizuri: unapata shilingi 1,000 kwa saa. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, yaani 1,500. Saa 84 ni shilingi 126,000 katika wiki nne. Bado nyongeza ya kazi ya usiku, asilimia 5 kwa kila saa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ambayo kwa mlinzi huyu inapita elfu kumi kwa wiki hizo nne. Siku ya mapumziko ya wiki akiitwa, kila saa ni mara mbili. Mkataba unaosema mshahara "umejumuisha kila kitu" haufuti viwango hivi, kwa sababu sharti lililo chini ya kiwango cha sheria halisimami.

Mwenye kampuni atakuambia mteja wake analipa kidogo, na kampuni jirani iko tayari kuchukua lindo hilo kwa bei ndogo zaidi. Huenda ni kweli. Mteja mwenye geti la chuma na jenereta anabishania bei ya mlinzi mpaka inafika mahali ambapo haiwezekani kulipa kwa haki, halafu anashangaa mlinzi akisinzia. Yaani kumbe hata hapa, penye nembo na sare, yupo mtu wa tatu anayepanga mshahara bila jina lake kuonekana popote.

Makato ni rahisi zaidi kuyaeleza. Mhudumu wa baa au keshia wa duka anaambiwa ana "shoti", au mteja kakimbia na bili, au katoni imevunjika, na mshahara unakatwa wote. Sheria hairuhusu. Mwajiri anaweza kukata kwa ajili ya hasara, lakini hasara hiyo iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi huyo, mwajiri amwandikie sababu, kiasi na jinsi alivyokipata, ampe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kugawanya shoti kwa wafanyakazi wote wa zamu, aliyekosa na asiyekosa, ni mtindo wa baa, siyo wa sheria. Makato mengine ni halali na hayahitaji ugomvi: kodi kwa kipato kinachozidi 270,000 kwa mwezi, na asilimia 15 kwa aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu.

Kwa mshahara wenyewe, pana mkanganyiko unaorudi kila Mei Mosi. Mwaka 2022 sherehe za kitaifa zilifanyika hapa Dodoma, na Rais Samia Suluhu Hassan akawaambia wafanyakazi kwamba lile jambo letu lipo. Wiki mbili baadaye kima cha chini cha watumishi wa umma kikapandishwa kwa asilimia 23.3. Mwaka 2025 sherehe zikafanyika Singida, na hapo kikatangazwa kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Muuza duka wa Singida mjini alisikia tangazo hilo kwenye redio ileile na mwalimu. Mwalimu ni mtumishi wa umma. Muuza duka hakuongezewa hata senti kwa tangazo hilo.

Sekta binafsi ina njia yake: amri ya mshahara inayotolewa na waziri mwenye dhamana ya kazi. Ile ya mwaka 2022 ilianza kutumika Januari 2023. Inayofuata ilitangazwa Oktoba 2025 na kuanza tarehe 1 Januari 2026, ikapandisha wastani kutoka 275,060 hadi 358,322, yaani kama asilimia 30. Neno la kuangalia hapo ni wastani. Nimekutana na watu wanaodhani 358,322 ni haki ya kila mtu aliyeajiriwa na mtu binafsi. Sivyo. Amri inaweka kiwango chake kwa kila sekta, na ndani ya sekta kwa kila daraja: benki siyo sawa na shamba, hoteli kubwa siyo sawa na mgahawa. Katika amri ya mwaka 2022, wa chini kabisa alikuwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wake: 60,000 kwa mwezi. Ukitaka kujua kama unapunjwa, unatazama mstari wa kazi yako katika amri, hutazami kichwa cha habari.

Mwenye nyumba, kwa upande wake, haulizi upo sekta gani. Mtumishi wa wizara akiongezewa mshahara, chumba cha Chang'ombe hakipandi kwa wizara peke yake. Hili ndilo jambo ambalo mfanyakazi wa kipato kidogo wa Dodoma analihisi kuliko wa wilayani: anaishi katika soko la vyumba linaloendeshwa na mishahara ya watu wengine.

Kuhusu mfanyakazi wa nyumbani, niseme kidogo, kwa sababu vijiji vya Dodoma na Singida vinawapeleka wengi mjini na Dar es Salaam. Mara nyingi yupo mtu wa kati, shangazi au dalali, na mshahara unapelekwa kwa wazazi au unasimama kwa huyo wa kati. Sheria inamtambua yule anayemwamuru kazi kila siku, mama mwenye nyumba, na siyo shangazi. Na aliye chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, awe ameletwa na nani.

Yapo sasa maumivu ambayo sheria ya kazi inayagusa kwa shida, au haiyagusi. Dereva wa bodaboda "ya mkataba" anapeleka hesabu kwa tajiri kila siku, kwa muda waliopatana, mpaka pikipiki iwe yake. Akiugua wiki mbili, au pikipiki ikikamatwa, tajiri anaichukua na fedha zote zilizokwishalipwa zinapotea. Ukizitazama zile alama za ajira, anazo baadhi: kitendea kazi si chake, riziki inamtegemea mwingine. Lakini karatasi aliyosaini ni ya mauziano, na ugomvi wake huishia kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi. Mimi ningependa kuona kesi ya namna hii ikipelekwa kunakohusika, nione itaamuliwaje.

Lingine ni la mshahara ulio juu ya kima cha sheria lakini haumtoshi mtu. Mwajiri anayelipa kima na kukataa kuongeza hajavunja sheria. Hapa watu wengi hukwama, kwa sababu wanapeleka kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, shauri ambalo siyo malalamiko ya kisheria bali ni mgogoro wa maslahi, na hivi viwili vina njia tofauti. Malalamiko ni kudai kile ambacho sheria au mkataba umeshakupa, na mwisho wake ni uamuzi. Maslahi ni kudai ambacho bado hujapewa, na mwisho wake ni makubaliano au mgomo. Njia yake ni chama cha wafanyakazi: TUICO kwa viwanda na biashara, TAMICO kwa migodi na ujenzi, CHODAWU kwa hoteli na majumbani. Chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi ndicho mwajiri anachowajibika kujadiliana nacho. Mazungumzo yakikwama, usuluhishi ukashindikana, wanachama wakapiga kura na notisi ya saa 48 ikatolewa, mgomo unakuwa halali, isipokuwa katika huduma muhimu kama maji, umeme na afya. Kuweka koleo chini asubuhi moja kwa hasira, hata kama hasira ni ya haki, kunamfungulia mwajiri mlango wa kukufukuza kwa utovu wa nidhamu. Na tukirudi kwenye site ya Mtumba: chama kitawaunganishaje vijana sita wa fundi huyu na wanane wa yule, ambao Ijumaa ijayo wengine watakuwa Msalato? Sijaona bado chama kilicholipatia jibu swali hilo.

Kwa malalamiko, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yenye ofisi mikoani, Dodoma ikiwemo. Hakuna ada ya kufungua shauri, na unaweza kujiwakilisha mwenyewe. Lakini muda ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Madai mengine, kama mishahara isiyolipwa, yana siku 60. Na hapa ndipo hila iliyozoeleka kuliko zote inapofanya kazi: bosi hakatai kukulipa. Anakuambia usubiri mwisho wa mwezi. Anakuambia mhasibu kasafiri. Anakupa 20,000 ya kutuliza. Wewe unaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, unaenda kwa mzee mmoja anayemfahamu, na siku ya 61 simu inapokewa kwa lugha nyingine kabisa. Aliyechelewa anaweza kuomba muda, lakini lazima aeleze sababu ya kila siku iliyopita, na "aliniahidi" mara nyingi haitoshi. Kuombwa usubiri hakuzuii kufungua shauri. Mkilipana katikati, shauri linaondolewa.

Ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki unawahusu waliotimiza miezi 6 kwa mwajiri mmoja, na ndiyo maana mikataba ya miezi mitatu mitatu imeenea mjini hapa kuliko wali maharage. Ila isikutishe sana. Mkataba wa muda ukiwa unaongezwa na kuongezwa, mpaka ukawa na sababu ya kutarajia utaongezwa tena, kukataa kuuongeza kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa. Na mfanyakazi wa msimu, kama wale wa kuvuna zabibu au wa viwanda vya kukamua alizeti, sheria imemtaja kwa jina katika likizo ya malipo. Hazuiwi kwa kutofikisha miezi sita.

Ukiwa bado kazini na unaogopa kushitaki, yupo Afisa Kazi. Ana mamlaka ya kuingia eneo la kazi, kukagua daftari za mishahara na kumpa mwajiri amri ya kutekeleza. Mchango wa NSSF uliokatwa bila kupelekwa unaripotiwa NSSF wenyewe, maana deni hilo ni lao pia. Na usiache mpaka ufukuzwe, kwani fao la kukosa ajira linataka uwe umechangia angalau miezi 18, miezi inayoonekana kwenye mfumo wao, siyo kwenye salari slipu yako.

Fomu ya Tume ina nafasi ya jina na anuani ya mwajiri. Saidia fundi huandika jina analolijua, mara nyingi lile la utani ambalo fundi anaitwa nalo site. Kanuni zinaruhusu kuwaunganisha wadaiwa zaidi ya mmoja, na ningekuwa mimi ningewaandika wote, fundi na kampuni, nikaacha wao wabishane nani ni bosi. Ushahidi wa kampuni haukosekani kwa anayeutafuta mapema: picha ukiwa na kizibao chenye nembo, picha ya ubao wa mradi wenye jina la mkandarasi, ujumbe wa muamala wa simu unaoonyesha nani alikutumia hela, kundi la WhatsApp ambamo injinia wa kampuni anapanga zamu.

Msuluhishi anapewa siku 30 kuwapatanisha. Ikishindikana, mwamuzi anasikiliza na kutoa tuzo, yaani uamuzi wake, na asiyeridhika ana wiki 6 za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mwajiri akikaa kimya tu bila kulipa, tuzo inapelekwa mahakamani ikakazwe kama hukumu yoyote, na dalali wa mahakama anaenda kukamata mali ya aliyetajwa humo. Kama aliyetajwa ni kampuni, atakuta akaunti ya benki na kijiko cha kuchimbia msingi. Kama ni fundi, atakuta toroli mbili na sepeto, moja ya toroli ikiwa ya kuazima.